Kibao cha Shuleni na Redio ya Bethel

Mwezi Mei mwaka 1971, nikiwa kijana wa miaka 21 mwenye cheti kipya cha ualimu na sanduku moja la bati, niliripoti katika shule ya msingi ya wilaya moja ya wafugaji, kaskazini ya nchi yetu. Mwezi huo huo, upande wa pili wa dunia, katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la Alaska nchini Marekani, redio iitwayo KYUK ilianza kusikika. Mimi sikujua habari za redio ile, wala wao hawakujua habari zangu. Lakini sasa nimezeeka, na nikitazama nilikotoka naona kwamba tulianza kazi mwezi mmoja, na kazi zetu zilikwenda kinyume. Wao walianza kuirudisha lugha ya watoto mahali pa heshima. Mimi nilianza kuifukuza darasani.

Ndugu msomaji, naomba nieleze kwanza habari za kibao, maana bila kibao hutaelewa kwa nini mzee wa Kipare anajisumbua na redio ya watu wa barafu.

Shuleni pale palikuwa na kipande cha ubao, upana wa kiganja, kilichotobolewa tundu na kutiwa kamba ya katani. Mtoto aliyesikika akisema Kimasai ndani ya eneo la shule alikivaa shingoni, na alikaa nacho mpaka amkamate mwenzake kwa kosa lile lile. Aliyekutwa nacho jioni alisafisha vyoo. Kibao kile nilikikuta, sikukianzisha mimi. Lakini nilikikubali, na kamba ilipokatika nilitia nyingine kwa mkono wangu.

Wala hatukufanya hivyo kwa chuki. Sisi tulikuwa vijana wa Azimio la Arusha. Tuliamini, na mpaka leo naamini, kwamba Kiswahili ndicho kilichotufanya watu wa lugha zaidi ya 120 kuwa taifa moja. Mimi mwenyewe nilifundishwa Kiswahili kwa fimbo, na nilipofika chuoni nikaweza kuzungumza na Mhaya, Mmakonde na Mnyamwezi kama ndugu, niliona fimbo ile imenifaa. Kosa letu halikuwa kukipenda Kiswahili. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba ili mtoto apate lugha ya pili ni lazima aionee aibu ya kwanza.

Mwaka 1978 kipindupindu kilifika wilayani kwetu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kila siku: chemsheni maji ya kunywa, chimbeni vyoo, mpelekeni mgonjwa hospitali bila kuchelewa. Matangazo yalikuwa mazuri, mafupi na ya wazi. Sisi walimu tuliyasikia katika redio ya shule, tukayaandika ubaoni, tukaona kazi imekwisha.

Siku ya tatu bwana afya alikuja na baiskeli akaomba mwalimu mmoja afuatane naye kwenye maboma ya bondeni, na awepo mtu wa kutafsiri. Mkalimani tuliyemtegemea alikuwa amesafiri. Nikamchukua kijana mmoja wa darasa la sita, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kusema na alikuwa anatoka upande ule. Tulipokuwa njiani nilitambua kwamba kijana huyo ndiye aliyekuwa na kibao siku hiyo. Alikuwa amekiingiza ndani ya shati.

Katika boma la kwanza tulimkuta mzee mwenye redio. Nasema tena, mzee alikuwa na redio, nzuri kuliko ya shule, imevalishwa mfuko wa ngozi. Alitueleza kwa Kiswahili chake cha kuunga-unga kwamba kwa siku kadhaa amesikia serikali ikitaja maji, maji, maji, akafurahi, akawaambia watu wake kwamba bomba linakuja. Walikuwa wanasubiri bomba. Katika kusubiri huko walikuwa wamekwisha kumzika mama mmoja na mtoto wake.

Yule kijana aliinamisha kichwa mbele ya wazee, wakamgusa kama ilivyo desturi, kisha akasimama akasema. Hakuzidi dakika kumi. Wazee waliuliza maswali, akajibu. Wanawake walinyanyuka kabla hajamaliza, wakaenda kuteka moto. Mimi nilisimama pembeni sielewi neno hata moja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniingia akilini kwamba maarifa yote niliyokuwa nayo hayakuwa na thamani pale, isipokuwa kupitia katika lugha niliyoitundika shingoni mwa mtoto kama kosa.

Ningependa kuandika kwamba jioni ile nilikitia kibao motoni. Haikuwa hivyo. Niliona haya kukitoa, maana ningelazimika kueleza sababu. Kiliendelea kutumika. Mwaka uliofuata nilihamishwa, nikakiacha kimetundikwa kwenye msumari ofisini.

Habari za Bethel nilizipata miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1990, nilipokuwa chuo cha ualimu. Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani aliyewahi kufundisha Alaska. Siku moja katika chumba cha walimu tulibishana kuhusu lugha za makabila, nami nikatetea msimamo wa zamani. Yeye hakubishana nami. Alinisimulia tu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari hizo kila nipatapo nafasi.

Bethel ni mji wa watu wapatao 6,000 kandokando ya mto Kuskokwim. Hakuna barabara inayouunganisha na sehemu nyingine ya nchi. Mtu hufika kwa ndege, au kwa mashua wakati wa kiangazi. Kuuzunguka mji huo kuna vijiji zaidi ya 50 vilivyotapakaa katika tambarare kubwa ya mito miwili, Yukon na Kuskokwim. Wakazi wengi ni Wayupiki. Jina lao lina maana ambayo Mswahili ataipenda: “yuk” ni mtu, na Yupiki ni mtu wa kweli. Sisi tungesema, mtu mwenye utu.

Warusi ndio waliotangulia kufika Alaska, na mpaka leo Wayupiki humwita mzungu kwa neno lililotokana na Kosaki, yaani askari wapanda farasi wa Kirusi. Mwaka 1867 Urusi iliiuza Alaska kwa Marekani, bila wenyeji kuulizwa. Wamisionari wa Kimoravian walianzisha kituo Bethel mwaka 1885, na mwaka huo huo serikali ya Marekani ikamteua Sheldon Jackson kusimamia elimu katika Alaska nzima. Shabaha ya shule zile ilikuwa kumfanya mtoto wa Kiyupiki awe Mmarekani, na njia ilikuwa Kiingereza peke yake. Wapo wazee wa huko waliosimulia jinsi walivyopigwa, au kuoshwa kinywa kwa sabuni, kwa kosa la kusema lugha ya mama zao. Nilipolisikia hilo la sabuni nilikikumbuka kibao changu. Walimu hatukuonana, lakini tulifundishana.

Hata hivyo lugha yao haikufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mzee mmoja aliyeitwa Uyaquq, ambaye hakujua Kiingereza, alibuni maandishi yake mwenyewe ili aweze kuandika Kiyupiki. Na mwaka 1970 shule chache za vijiji vya karibu na Bethel zilianza jaribio la kuwafundisha watoto wadogo kwa Kiyupiki kwanza, Kiingereza kikifuata. Redio ilikuja katika hewa hiyo.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1967, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya utangazaji wa umma, na chini yake likaundwa shirika la kugawa ruzuku kwa redio na televisheni zisizofanya biashara. Ni jambo la kuangalia kwa makini. Katika nchi ile ya wafanyabiashara, mtu aliona kwamba ziko sehemu ambazo biashara haitapeleka redio kamwe, kwa sababu hakuna wa kununua matangazo. Muuza sabuni atatangaza kwa nani huko kwenye barafu? Basi KYUK ikaanzishwa na chama cha wananchi wenyewe wa Bethel, chenye bodi ya watu wa pale pale. Huhesabiwa kuwa redio ya kwanza ya Marekani kumilikiwa na kuendeshwa na wenyeji wa asili. Mwaka uliofuata, 1972, Wanavajo wa Ramah, jimbo la New Mexico, ambao walikuwa wameanzisha shule yao wenyewe, nao walianzisha redio yao, KTDB.

KYUK ilipewa masafa ya kati, kilohezi 640, kwa mtambo wa wati 10,000. Wataalamu watakuambia kwamba mawimbi ya namna hiyo huambaa na ardhi na kufika mbali, hasa mahali palipo tambarare kama pale, ambapo hakuna mlima wa kuyazuia. Kwa hiyo mtu aliye katika kibanda cha kuvulia samaki, na kijiredio cha betri, husikia.

Na husikia nini? Hapo ndipo yule mwalimu aliponikamata. Husikia habari za dunia na za wilaya kwa Kiingereza, kisha kwa Kiyupiki. Husikia hali ya barafu. Wakati wa baridi mto Kuskokwim huganda, ukawa ndiyo barabara, magari hupita juu yake. Na majira yanapogeuka barafu hulainika, na anayekosea siku hutumbukia na kufa. Mwezi Mei barafu hupasuka na kuteremka kwa kishindo, mto hufurika, na vijiji hukaa macho usiku na mchana vikisikiliza imefika wapi. Husikia ni saa zipi serikali imeruhusu kutega nyavu za samaki aina ya salmoni, ambao ndio chakula chao cha mwaka mzima. Husikia salamu za siku za kuzaliwa, na husikia nani amefariki.

Niliposikia hilo la mwisho nilinyamaza. Nani kati yetu wa umri wangu asiyekumbuka matangazo ya vifo ya Redio Tanzania? Nyumba nzima ilinyamazishwa: “Hebu tusikilize!” Jina la marehemu, kisha orodha ndefu ya ndugu, aliyeko Tanga, aliyeko Tabora, habari ziwafikie popote walipo. Hiyo ndiyo redio ya umma kwa maana yake ya kweli. Haikuwa ya kutustarehesha tu. Ilikuwa ya kutuunganisha tupate kuzikana.

Wala sitaki kuibeza redio yetu. Ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania chini ya serikali. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kutenda. Nami niliongoza kikundi kimoja. Vyoo vilivyochimbwa mwaka ule havihesabiki. Kazi hiyo ilifanywa kwa Kiswahili, na isingeweza kufanywa kwa lugha 120. Wenzetu wa Kenya walichagua njia nyingine, Sauti ya Kenya ikatangaza pia kwa lugha kadhaa za makabila, na kila njia ilikuwa na gharama yake. Lakini gharama ya njia yetu nimeshaitaja: makaburi mawili bondeni, ya watu waliokuwa wakisubiri bomba. Nani aliyeilipa gharama ile? Si mimi niliyekuwa na cheti.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwezi Julai mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kuidhinishwa kwa ajili ya utangazaji wa umma kwa miaka miwili. Mwezi Agosti lile shirika la ruzuku lililozaliwa mwaka 1967 lilitangaza kwamba linafunga shughuli zake. Kwa redio kubwa za mijini, zenye wasikilizaji matajiri wa kuchangia, lilikuwa pigo. Kwa KYUK, ambayo takriban asilimia 70 ya bajeti yake ilitoka huko, lilikuwa pigo la shingo. Tena jimbo lenyewe halikuwa kimbilio, kwa kuwa mwaka 2019 gavana alikwisha kufuta ruzuku ya redio za umma.

Waliofuta walikuwa na hoja, na ni haki kuieleza. Walisema kwamba utangazaji wa umma umeegemea upande mmoja wa siasa, na kwamba katika zama hizi za simu na intaneti mlipa kodi hana sababu ya kuigharimia redio. Huenda hoja hiyo ina nguvu kwa mtu wa New York. Lakini kanuni iliyotungwa kwa kumtazama mtu wa mjini humfikia mtu wa kijijini ikiwa kama tangazo la maji kwa yule mzee: maneno ni sahihi, maana haipo.

Miezi mitatu haikupita. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba 2025, mabaki ya kimbunga Halong yaliipiga pwani ile. Bahari ilipanda juu ya vijiji. Katika vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok nyumba ziling’oka kwenye nguzo zake zikaelea, watu wakiwa ndani. Watu zaidi ya 1,000 walihamishwa kwa ndege, wengine wakapelekwa mji wa Anchorage, mwendo wa kilomita zaidi ya 600 kutoka kwao. Na redio iliyokuwa ikitangaza habari za maafa hayo kwa watu wa pale ilikuwa ni hiyo hiyo KYUK, iliyokuwa imekwisha kukatwa mkono.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi naona mafunzo mawili.

La kwanza ni juu ya fedha. Nguo ya kuazima haisitiri. Redio ya wananchi ambayo sehemu kubwa ya uhai wake iko mikononi mwa mtu mmoja, awe serikali au mfadhili wa ng’ambo, imejengwa juu ya barafu ya mwezi wa Aprili. Redio nyingi ndogo za kijamii katika nchi zetu zimeanzishwa kwa misaada, na misaada ina tabia ya kwenda kwao. Lakini tusidanganyane kwamba watu maskini watajilipia kila kitu. Hata barabara hatujilipii kijiji kwa kijiji. Kama serikali inakiri kwamba raia wa bondeni ni raia, basi kumwonya juu ya kifo kwa lugha anayoielewa ni sehemu ya deni lake, kama ilivyo dawa na shule.

La pili ni juu ya lugha, na hapa najihukumu mwenyewe. Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba lugha ndogo itaidhoofisha lugha ya taifa. Habari za Bethel hazionyeshi hivyo. Wayupiki wanajua Kiingereza. KYUK yenyewe hutangaza kwa lugha zote mbili, na mtangazaji hupita kutoka moja kwenda nyingine kama mtu anavyopita kutoka sebuleni kwenda jikoni. Kinachodhoofika ni ile lugha ndogo yenyewe, yenye wasemaji wapatao 10,000, na ikiondoka haina nchi nyingine ya kukimbilia. Kiswahili kinasemwa kutoka Mombasa hadi Lubumbashi. Hakiwezi kuuawa na Kimasai, wala na Kipare.

Mwaka 2002, huko Terrat wilayani Simanjiro, ilianzishwa redio ya wafugaji, Orkonerei, yenye kutangaza kwa Kimasai na Kiswahili. Niliisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Nilikuwa Arusha kwa shughuli za chuo, mtu mzima akanijia stendi ya mabasi, akainama kidogo, akasema, “Shikamoo, mwalimu.” Sikumtambua. Akacheka, akaweka kidole kwenye kifua chake, mahali kibao kinapokaa. Ndipo nikamtambua.

Alinichukua nyumbani kwake Simanjiro, nikalala siku mbili. Alikuwa mfanyabiashara wa ng’ombe na mjumbe wa kamati ya shule. Asubuhi mama yake alikaa nje kwenye kigoda, redio pembeni, akisikiliza habari za chanjo ya mifugo kwa Kimasai. Mara kwa mara alimjibu mtangazaji, anakubali, anakataa, anacheka peke yake. Nilimwuliza mwenyeji wangu kama bibi anajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimvisha mwanawe ubao. Akasema anajua. “Amesema upewe maziwa,” akaniambia, “lakini amesema pia niulize, kile kibao kiko wapi?”

Nikamjibu kweli, kwamba nilikiacha kwenye msumari. Alimtafsiria mama yake. Bibi yule aliniangalia kitambo, akasema neno, akarudi kwenye redio yake. Sikuuliza alisema nini, na kijana hakunitafsiria.

Nina wajukuu tisa. Wote wanasema Kiswahili, watano wanasema Kiingereza, na hakuna anayeweza kunisalimu kwa Kipare. Mkataa kwao mtumwa, nami niliwafundisha wengi kukataa kwao, nikaanzia nyumbani kwangu. Siku hizi, jioni, namwita yule mdogo wa miaka sita, nampa neno moja. Jana nilimpa neno la maji.